Mashine Iliyokula Pesa ya Ng'ombe

Tangu nimkabidhi binti yangu Neema funguo za karakana yetu ya usanifu, mikono yangu haina pa kukaa. Nimepanga upya kabati la vyombo, nimepalilia maua ambayo hayakuwa na magugu, na jana nilijikuta navuta kitambaa cha meza ili ukingo wake uende sambamba na ukingo wa meza, kana kwamba kuna mtu atakuja kukikata kwa mashine. Nyumba yetu hapa Tengeru na karakana vinatenganishwa na ua mdogo tu, kwa hiyo nimestaafu bila kwenda mbali. Asubuhi ninyi vijana wa karakana mkiwasha kompyuta nasikia ule mlio wa kuamka, na miguu inasimama yenyewe. Mume wangu ananitazama kwa juu ya gazeti.

"Kaa chini, Mama Neema. Hawajakuita."

Nakaa. Halafu nasimama tena kutafuta kalamu. Siku ya kuniaga mliniomba nieleze kwa nini maisha yangu yote nimekataa kusanifu kitu chochote kwenye kompyuta isiyokuwa na ile alama ya tunda lililoumwa. Wengine mnadhani ni maringo. Basi nitaeleza, na kwa kuwa sina foleni ya wateja, nitaeleza polepole. Vyeo nitaviruka, maana katika karakana ya watu wachache cheo ni nani anashika ufunguo wa choo. Mishahara nitairuka pia.

Nilizaliwa Kikatiti. Nilipomaliza kidato cha nne nilipata kazi katika kiwanda cha uchapaji cha umma mjini Arusha. Siku ya kwanza nilivaa viatu vyeupe, nikarudi nyumbani na viatu vyeusi. Nilipelekwa kwa Mzee Shabani, fundi wa kupanga herufi. Asili yake ilikuwa Pangani, lakini alizaliwa na kuzeekea mtaa wa Kaloleni hapohapo mjini, na Kiswahili chake kilitufanya sisi wa mlimani tuone aibu kufungua midomo.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, binti. Unajua kusoma?"

"Ndiyo, mzee. Nimemaliza kidato cha nne."

"Pole. Tutaanza kwa kukutoa huko. Hapa ukisoma maneno, makosa yatakupita. Tazama nafasi."

Kwa ambao hamkuona kazi ile: kila herufi ilikuwa kipande kidogo cha madini ya risasi, imegeuzwa kama kwenye kioo. Ulizitoa kwenye trei moja moja, ukazipanga mstari kwa mstari, na kati ya neno na neno ukaweka kipande kisicho na herufi. Hicho kitupu ndicho kilikuwa somo la Mzee Shabani. Alinisimamisha mwisho wa meza, akaniambia nifumbe macho nusu na kuutazama ukurasa kama mtu anayetazama shamba kwa mbali. Kama nafasi nyeupe zimeangukiana mstari baada ya mstari mpaka zikafanya mto katikati ya aya, basi kazi ni mbaya, bomoa. Nilibomoa sana. Mwaka wa kwanza nadhani nilibomoa zaidi kuliko nilivyojenga, na yeye akipita nyuma yangu akisema, "Vizuri. Umeona mto. Wengine wanaogelea humo mpaka wanastaafu."

Nawaambia haya kwa sababu bila Mzee Shabani nisingeipenda ile mashine. Jicho lilitangulia.

Halafu milango ya biashara ikafunguliwa. Ninyi hamkuijua Arusha ya foleni ya sabuni. Sisi tulilala kwenye foleni ya sabuni ya aina moja, tukaamka tukakuta dukani aina za kuchagua, na kila aina inataka lebo. Kila dereva aliyewahi kupeleka mgeni mbugani alitaka awe na kampuni yake, na kila kampuni ilitaka kitabu cha rangi chenye simba. Watu walikuja kiwandani na picha mkononi wakitaka kazi kesho. Sisi bado tulikuwa na trei za risasi. Mji mzima ulikuwa unatembea haraka, na mimi nikaanza kutembea haraka hata nikienda msalani.

Uongozi ukanunua kompyuta. Zilikuwa na kioo cheusi na maandishi ya kijani. Uliandika amri, ukangoja, ukachapa, na karatasi ikitoka ndipo ulipojua ulichokuwa ukifanya. Wakati huohuo mtaalamu mmoja wa kigeni, akimaliza mkataba wake, akakiachia kiwanda kompyuta yake ndogo. Ilikuwa sanduku la rangi ya maziwa yaliyochacha, lenye mpini juu kama ndoo na kioo kidogo kuliko bahasha kubwa. Hakuna aliyeitaka. Mimi niliambiwa niipanguse vumbi.

Niliipangusa, nikaiwasha. Ikatoa mlio mmoja wa kengele nzito, kisha katikati ya kioo kikatokea kiuso kidogo kinachotabasamu. Nikamwita Mzee Shabani.

"Inacheka nini?"

"Sijui, mzee."

"Izime. Kazini hatuchekwi."

Sikuizima. Nilichokiona baada ya kile kiuso ndicho kilichonishika mpaka leo. Kioo kilikuwa cheupe na maandishi meusi, yaani kilikuwa karatasi. Herufi ilionekana kama itakavyochapwa, nene ikiwa nene, ya mlazo ikiwa ya mlazo. Unashika neno kwa kipanya unalisogeza, na nafasi inafunguka mbele ya macho yako. Niliukazia macho ule ukurasa, nikafumba nusu, nikauona mto mweupe katika aya yangu mwenyewe, nikaukausha bila kugusa kipande cha risasi. Nilikuwa nimefundishwa miaka kutazama nafasi, na hii ilikuwa kompyuta ya kwanza kunionyesha nafasi ya kutazama. Sisi tuliofundishwa kutumia macho, zile kompyuta za amri zilitufunga kitambaa usoni.

Tuliiita Tunda, kwa ile alama yake. Mzee Shabani alilikubali taratibu, isipokuwa jambo moja. Wakati ule kazi ilihifadhiwa kwenye disketi, na ili mashine iteme disketi ulipaswa kuikokota picha yake mpaka kwenye picha ya pipa la taka. Ndivyo walivyoiunda, na mimi hadi leo sina jibu kwa nini. Nilimweleza mzee mara nyingi kwamba hakuna kinachopotea.

"Hii ni ratiba ya harusi ya watu," alisema. "Niitupe jalalani?"

"Haitupwi, mzee. Inatoka tu."

"Nikikuta mwanangu anaweka shahada yake kwenye pipa ili itoke mlangoni, nitamwita daktari."

Akaenda kuchukua kibanio cha karatasi, akakinyoosha, akakichomeka kwenye tundu dogo pembeni ya mlango wa disketi. Disketi ikaruka nje. Alifanya hivyo mpaka alipoacha kazi, na disketi zake hazikuharibika hata moja. Kwa hiyo msimcheke mtu anayefika pale pale kwa njia yake.

Sasa nije kwenye ng'ombe.

Kiwanda kiliuzwa. Tulikusanywa uwanjani tukaelezwa kuhusu ubinafsishaji kwa maneno mazuri sana, kisha tukaambiwa wengi wetu hatutahitajika. Mume wangu, mwalimu wa shule ya msingi, alizipokea habari hizo kwa utulivu zaidi kuliko mimi, kwa sababu kulikuwa na kiinua mgongo. Tulikuwa tumekubaliana tangu zamani: kikija, tunanunua ng'ombe wa maziwa wa kisasa. Tengeru yote ilikuwa inajua kwamba maziwa ndiyo mshahara usiochelewa. Baba Neema alikuwa amekwisha kujenga banda nyuma ya nyumba kwa mikono yake, likizo baada ya likizo, lenye sakafu ya saruji, hori la kulishia na paa la bati. Neema alikuwa karibu kuanza sekondari. Ng'ombe ndiye angemlipia.

Mmiliki mpya alitembea kiwandani akionyesha kwa kidole kitakachobaki na kitakachotupwa. Tunda aliliweka upande wa vya kutupwa, pamoja na trei za risasi. Nilirudi nyumbani, sikuweza kukaa. Nilizunguka nyumba. Niliosha masufuria masafi. Asubuhi nilimwambia mume wangu kwamba nataka kuomba nipewe ile mashine na printa yake, zikatwe kwenye kiinua mgongo changu. Akacheka, akamaliza chai yake, akaenda kufundisha.

Ofisini yule bwana aliyeshughulikia malipo aliweka kalamu chini.

"Mama, umeelewa unachoomba? Ile tunataka kuitupa."

"Basi isiwe ghali."

Ilikuwa ghali. Kitu cha kutupwa kikishaombwa, bei yake inapanda palepale. Kilichobaki kilitosha kununua mifuko michache ya saruji na stabilaiza ya umeme. Baba Neema alipoona nashusha sanduku badala ya kushika kamba, alisimama mlangoni.

"Nilidhani ulikuwa unatania."

"Najua."

"Inaonyesha mpira?"

"Haionyeshi."

Hakusema neno baya. Angelisema, ingekuwa afadhali. Alikwenda nyuma akafagia banda ambalo halikuwa na kitu, na aliendelea kulifagia kila Jumamosi.

Niliweka Tunda chumba cha mbele. Nilitengeneza lebo za asali, kadi za kipaimara, ratiba za ibada, vibandiko vya mifuko ya mbegu. Siku ya soko wanawake walipita dirishani na vikapu vyao, na jirani yangu Mama Eliya alikuwa hakosi kuchungulia.

"Mama Neema, ng'ombe wako leo ametoa lita ngapi?"

"Ametoa kadi za harusi."

"Zina mafuta?"

Walicheka mpaka kona. Nami nilicheka, nikarudi kwenye kioo. Kazi zile zilinunua unga na mafuta ya taa. Ada ya Neema hazikuigusa. Kipindi hicho kulikuwa na mgao wa umeme, kwa hiyo nilijifunza kuhifadhi kazi kila nikimaliza sentensi. Nawaoneni leo mnafanya kazi saa nzima bila kuhifadhi, natamani kuja kuwabonyezea kitufe.

Ndipo akaja Bwana Kaaya. Alikuwa dereva wa wageni kwa miaka mingi, sasa amenunua gari kuukuu na kulipaka rangi, na ana nafasi ya kwenda kwenye maonyesho ya utalii ng'ambo. Alihitaji kijitabu cha rangi cha kuwapa mawakala. Siku hizo kazi ya rangi ya maana ilipelekwa Nairobi kutolewa filamu za kuchapia, na wasanifu wengi walikuwa hukohuko.

"Nairobi walinitajia bei, mama, nikadhani wananiuzia mlima wenyewe."

Tulikubaliana: mimi nasanifu, navuka mpaka wa Namanga na disketi, natoa filamu, tunachapa Arusha. Malipo yake yangekuwa makubwa kuliko chochote nilichowahi kupata. Nilipiga hesabu kichwani, nikaona ada ya Neema, nikaona na ng'ombe. Nikamwambia mume wangu. Akasema, "Haya." Lakini Jumamosi ile hakufagia banda tu, aliliosha.

Bwana Kaaya alikuwa anakuja kila siku, hakai kitini. Alizunguka nyuma yangu kama simba wake.

"Mbona simba wangu ana mvi?"

"Kioo hiki hakina rangi. Rangi naipanga kwa namba." Nikamfungulia kile kitabu cha vipande vya rangi ambacho nanyi mnakitumia. "Chagua hapa. Ukichagua hiki, kitatoka hiki."

"Na mimi nikuamini?"

"Wewe huwa unawaambia wageni chui yuko juu ya mti hata hawajamwona."

"Lakini huwa yuko!"

"Na rangi ipo."

Kurasa za mwisho zilikuwa bado nilipowasha Tunda asubuhi moja na halikutabasamu. Kioo kilikuwa cheusi. Kiuso kilikuwepo, lakini macho yake yalikuwa misalaba miwili, na chini yake safu ya namba. Nilizima, nikawasha. Misalaba. Nilisogeza stabilaiza, nikabadilisha soketi, nikawasha. Misalaba. Kazi yenyewe ilikuwa salama kwenye disketi, ila hapakuwa na mashine nyingine Arusha niliyoijua ambayo ingeisoma, na Nairobi walipokea kazi iliyokamilika tu. Bwana Kaaya alikuwa asafiri wiki inayofuata. Nilitoka nje, nikaingia, nikatoka. Nilimkuta mume wangu anafunga kamba za viatu.

"Imekufa?"

"Sijui."

"Ng'ombe angekufa tungekula nyama."

Nilimtazama. Nilikuwa tayari kwa maneno yote aliyokuwa ameyatunza tangu siku ile ya mlangoni. Badala yake akaingia chumbani, akatoka na blanketi letu zito.

"Unafanya nini?"

"Naifunga. Utaipeleka mjini uchi?"

Tulipata pikapu iliyokuwa inapeleka ndizi. Aliipakata mashine mapajani njia nzima, amekumbatia mpini, na kila shimo barabarani aliinua miguu ili shimo liishie kwenye magoti yake.

Fundi Iddi wa Kaloleni alitengeneza redio na televisheni. Alilizunguka Tunda, akaligonga kwa kucha.

"Mwalimu, hii si redio."

"Tunajua."

"Wala si televisheni."

"Hilo nimelijua tangu mwanzo," alisema Baba Neema.

Skrubu mbili zilikuwa zimezama ndani kabisa chini ya mpini, na vichwa vyake vilikuwa vya nyota. Mashine zile hazikutaka kufunguliwa na watu kama sisi. Iddi alichukua bisibisi ndefu ya zamani, akaiweka kwenye jiwe la kunolea, akaipunguza, akajaribu, akaipunguza tena, mpaka ikashika nyota kwa pembe mbili. Kisha akatuambia tuvue saa na pete, maana kioo cha namna ile kinatunza umeme hata ukiwa umechomoa waya. Mkumbuke hilo mkikutana na mashine za kale. Alipoivua kava, ndani kulikuwa na vumbi letu jekundu limejilaza kama unga, na mjusi mmoja mkavu.

"Huyu alikuja nayo kutoka kiwandani?" mume wangu akauliza.

"Huyo ni wa Tengeru," nilisema.

Iddi alipuliza, akapiga brashi, akachomoa vibamba vidogo vya kumbukumbu vilivyosimama wima kwenye nafasi zao. Akavigeuza kwenye mwanga wa mlango. Meno yake ya shaba yalikuwa yamefifia.

"Spea sina, na sitakudanganya kwamba naijua. Ila kitu kisichogusana vizuri nakijua. Nina msasa, lakini utakula sana. Ningepata raba laini."

Baba Neema akatia mkono mfuko wa shati. Mwalimu wa shule ya msingi hatembei bila raba. Hakumpa Iddi. Alivuta kigoda, akachukua kibamba kimoja, akaanza kukisugua mwenyewe, taratibu, kama anavyofuta hesabu ya mtoto asije akatoboa daftari. Akamaliza kimoja, akashika kingine. Mimi nilikuwa nimesimama kwenye kizingiti, nimeshika pete yangu mkononi, sijui niende wapi.

Iddi akavirudisha. Akachomeka waya. Kengele ikalia, na kiuso kikatabasamu.

"Inacheka," Iddi akasema.

"Ndivyo ilivyo," alisema mume wangu, na sauti yake ilikuwa ya mtu anayemtetea mtoto wake kwa walimu wenzake.

Nilimaliza kijitabu, nikavuka Namanga, filamu zikatoka. Kilipochapwa, Bwana Kaaya alikishika kwa ncha za vidole, akampeleka simba mpaka juani.

"Mvi zimeisha," alisema.

Alisafiri, akarudi na wageni, na mwaka uliofuata akarudi kwangu na marafiki zake wawili wenye magari yao kuukuu. Wateja hao ndio walioanzisha karakana hii. Baadaye kompyuta nyingine nazo zilijifunza kuonyesha ukurasa mweupe, zikawa rahisi, kila fundi mjini akazijua, na watu wakaniambia nihame. Siku hizi naona vijana wanalibeba Tunda mkahawani, alama ikiwa imeelekezwa kwa watu. Sikuhama zamani na sina cha kuonyesha sasa. Nimeshazijua tabia zake, limeshajua za kwangu. Ninyi chagueni mnachotaka, mradi macho yenu yatangulie.

Lakini malipo yale ya Bwana Kaaya sijawaeleza yaliishia wapi. Ada ya Neema ililipwa. Fedha iliyobaki nilimpa mume wangu mkononi, nikamwambia aende kwa mzee mmoja jirani aliyekuwa anauza mtamba mzuri, ng'ombe jike aliyekaribia kuzaa mara ya kwanza. Alikwenda. Alirudi jioni, hana kamba.

"Umemkosa?"

"Yupo. Mzuri kweli." Akakaa, akavua kofia. "Nimemzunguka sana. Nikawa nafikiri, ile mashine ikifumba macho tena na raba isitoshe, tutakula nini?"

"Maziwa."

"Usinitanie. Nenda Nairobi kanunue Tunda la pili."

Wiki ile alivunja hori la banda kwa nyundo, akatoboa ukuta na kuweka dirisha, akaingiza umeme, na meza mbili zikaingia mahali ambapo ng'ombe angelala. Ndipo mnapokaa. Mmelalamika miaka yote kwamba viti vyenu vinateleza vyenyewe kuelekea ukuta wa nyuma, na najua mmoja wenu amemwambia Neema kwamba fundi aliyemwaga ile sakafu hakujua kazi. Alijua. Aliimwaga kwa mteremko ili mkojo wa ng'ombe uende mferejini, na ukimwaga maji pale mlangoni leo yatakwenda bila kusukumwa. Tulipohamia nilimwomba aisawazishe. Akasema saruji tutanunua tukishamaliza kulipia Tunda la pili, na tukishalipia la pili tukahitaji la tatu. Wekeni tofali chini ya magurudumu.